Maana Themanini na Tatu za "Run"

Jumatatu, 10 Juni 2019

Nimeanza kazi! Kazi ya akili. Ofisi ya kamusi, ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani, hapa hapa Shaoxing. Tunatengeneza kamusi ya Kiingereza kwa Kichina ya wanafunzi wa sekondari. Itatoka mwakani, mwezi wa kumi.

Tuko wawili wa majaribio. Mimi na Jin Keke, tuliyemaliza naye shule juzi tu. Majaribio yanaisha Ijumaa ya tarehe 21. Mmoja atabaki, na jina lake litachapwa ukurasa wa mbele wa kamusi pamoja na ya wakubwa. Mwingine ataambiwa asante.

Nikiambiwa asante, Jumatatu inayofuata naenda Datang, kwenye karakana ya soksi ya Mama Mdogo Caixia. Kupanga soksi, mguu kwa mguu, mpaka chuo kifunguliwe. Mama ameshaahidi kwa niaba yangu. Anasema soksi ni kazi nzuri kwa mtu asiyependa kuongea. Kana kwamba napenda kutoongea!

Sijamwambia mtu, naandika hapa tu: nalitaka lile jina lichapwe. Lou Yinzhu, kwa wino, kwenye karatasi nzuri. Mwalimu wangu wa darasa aliniita "wewe wa dirishani" miaka mitatu. Jina likishachapwa, nitafungua ukurasa, nitaweka kidole, basi. Sitahitaji kufungua mdomo.

Keke hufungua wake kwa niaba ya watu wanne. Leo amemsifia mhariri wetu, Mwalimu Shao, ile mikono ya kitambaa anayovaa juu ya mikono ya blauzi ili wino usimchafue. Ya maua. Imefuliwa mpaka maua yenyewe yamekufa. Na Mwalimu Shao akacheka! Mwanamke wa miaka hamsini na nane!

Tumepewa herufi R. Keke kachukua maneno mepesi, "rice" na "rail" na "rain", yaani mchele na reli na mvua. Yanamfaa. Mimi nikaona boksi juu ya kabati, limefungwa kamba, limeota ukungu wa mvua hizi. Nikauliza kwa kidole. Mwalimu Shao akaacha kutafuna lile tunda lake kavu la plamu. Akasema hilo ni "run". Wa kwanza kulishika alistaafu nalo. Wa pili aliacha akaenda kuuza bima. Wa tatu alikwenda kujifungua, mtoto sasa anasoma darasa la pili, mama mtu hajarudi.

Nikalishusha. Ofisi nzima ikaweka kalamu chini. Nilipiga chafya mara sita kwa lile vumbi, lakini nadhani heshima ilibaki palepale.

Jumanne, 11 Juni 2019

Nimehesabu. Maana themanini na tatu! Waingereza ni watu wavivu. Mto unatiririka, wanasema "run". Pua inachuruzika, "run". Rangi ya shati inachuja, mtu anagombea uenyekiti, basi linapita kila nusu saa, mzee anaendesha duka, mwizi anavusha sigara mpakani, banda lenye uzio wa kuku: "run", "run", "run". Taifa zima, neno moja, wanajifutia nalo kila kitu kama kitambaa cha jikoni. Sisi pua ina neno lake na mto una neno lake, wala havijawahi kugombana.

Utaratibu hapa ni kadi. Maana moja, kadi moja. Juu unaandika Kiingereza, chini Kichina, pembeni unagonga muhuri wa jina lako. Mwalimu Shao haamini kompyuta mpaka kadi ikauke. Kwa mvua hizi hazikauki. Nimezianika kwenye uti wa feni.

Mpango wangu: kadi themanini na tatu, mihuri themanini na tatu. Ofisi nzima itakuwa inasoma Lou, Lou, Lou. Atakayebaki anajulikana tayari.

Jioni pigo. Ubaoni kuna hesabu ya kazi, mstari mmoja kwa kila NENO lililokamilika. Neno, si kadi! Keke ana mistari tisa. Mimi sina kitu. Kaja kunifariji kwamba nisijali, la kwangu ni kubwa. Kaniachia na keki ya ufuta mezani. Hila hizo. Nimeila, ila bila shukrani.

Jumatano, 12 Juni 2019

Mpango wa pili, bora kuliko wa kwanza. Nimetafuta neno moja tu la Kichina litakaloyafunika yote themanini na tatu. Kadi moja, neno limekwisha, mstari ubaoni kabla ya chakula cha mchana. Nikalipata: kwenda! Mto unakwenda, basi linakwenda, duka linakwenda. Ajabu hakuna aliyeliona hilo kwa miaka yote hiyo.

Nikaweka kadi juu ya kifuniko cha kikombe cha chai cha Mwalimu Shao, kwa sababu ndivyo ninavyozungumza naye. Naye huniitikia kwa sauti, ili wote wasikie.

"Pua inakwenda," akasoma. "Haya. Inakwenda wapi, binti? Sokoni?"

Wakacheka mpaka fundi wa miwani kule chini akagonga dari.

Nikarudi kwenye kadi ya kwanza. Themanini na tatu tena. Nimegundua jambo hata hivyo, nikiwa nimekasirika: kila maana ukiiacha peke yake mezani, ukaifikiria kama mtu aliyeketi mbele yako, baada ya muda Kichina chake kinakuja chenyewe. Nimemaliza kumi na nne. Sikusikia hata kengele ya mapumziko.

Keke ana mistari kumi na saba. Leo alikuwa na neno "rabbit". Sungura! Amelitolea jasho saa nzima.

Alhamisi, 13 Juni 2019

Siku mbaya kupita zote. Naandika meno yakiwa yamekaza.

Kila Alhamisi wanajadili kadi ngumu mbele ya Mkurugenzi Tong. Mkurugenzi Tong hajui Kiingereza. Alikuwa afisa wa maghala ya nafaka. Anakaa na chupa yake ya chai tumboni kama mtu anayeatamia yai.

Wakafika kadi yangu ya 41. Soksi ndefu ya kike ikinaswa na msumari, ule mstari unaopanda mguuni. Mkurugenzi akasema andikeni soksi imepasuka. Mwalimu Shao akamwambia kupasuka ni kupasuka, Mkurugenzi, hii haijapasuka, imeanza tu tabia mbaya. Basi andikeni soksi inakimbia, akasema, si ndilo neno lenyewe? Mwalimu Shao akamwambia watoto watadhani imeona paka.

Na mimi najua! Nimekulia kwenye soksi! Kila fundi wa Datang anasema nyuzi zimeachia. Ndilo neno, limekuwapo tangu zilipokuja mashine. Nikainua mkono. Mkono ukafika sikioni. Nikajikuna sikio. Nikainua tena. Nikajikuna lile lingine. Mwishowe nikamnong'oneza Keke, ili tu neno lisinifie kooni.

Keke akapaza sauti: "Nyuzi zimeachia!"

Mkurugenzi Tong alipiga meza. Akasema huyo ndiye kijana, huyo ndiye kijana kabisa! Kelele zikazidi, Keke akawa bado anasema kitu, sikukisikiliza. Nilikwenda chooni nikasimama mle mpaka mkutano ulipokwisha.

Mwizi mwenye keki za ufuta.

Jumamosi, 15 Juni 2019

Nimeona mwanga! Mwanga mwekundu, wenye ncha za dhahabu!

Nilimsindikiza Mama kwa daktari wa meno. Ukutani ana bendera za shukrani kumi na moja. Zile za mahameli nyekundu, maandishi ya manjano, "Mikono ya dhahabu, maumivu yamekwisha," kutoka kwa mgonjwa fulani. Nikiwa nasubiri nikawaza. Daktari huyu ni mbovu. Mama alitoka analia. Lakini nani atathubutu kumtilia shaka mtu mwenye bendera kumi na moja? Polisi aliyempatia mtu baiskeli yake ana bendera. Dereva wa teksi aliyerudisha mwavuli ana bendera. Ofisi yetu ina kalenda ya kiwanda cha siki.

Ikija bendera ofisini, kutoka kwa msomaji mwenye shukrani, ikamtaja Lou Yinzhu kwa jina, nani atanipeleka kwenye soksi?

Mtaa wa nyuma ya hospitali wote ni maduka ya bendera. Nimeingia la Bwana Weng kwa sababu halikuwa na watu. Nikamwandikia kwenye karatasi. Akaniuliza namshukuru nani, daktari au polisi. Nikaandika: kamusi.

"Kamusi?" akasema. "Imekuponya nini?"

Akaita mkewe aje aone. Mkewe akasema mwache mtoto, labda ni ugonjwa wa siku hizi. Akauliza nataka iletwe na ngoma au bila ngoma. Nikaandika BILA, nikapiga mstari chini. Akasema ifike ofisini lini. Jumanne. Nimetoa pesa zangu zote nilizopewa kwenye bahasha nyekundu za Mwaka Mpya.

Maneno nimeyatunga mwenyewe, mistari miwili ya maneno manne manne kama desturi, na nayaona mazuri mno:

Neno gumu, amelifungua yeye. Kamusi yake, taa yangu.

Juu: Kwa Ndugu Lou Yinzhu, mtaalamu wa "run". Chini: Kutoka kwa msomaji mwenye shukrani.

Nimeangalia kila upande. Mpango hauna tundu hata moja.

Jumatatu, 17 Juni 2019

Kadi ya 62. Kwa furaha mkono ulikwenda wenyewe. Mwalimu Shao alipita, akachukua kadi mbili tatu, akazisoma akiwa amesimama, akazirudisha bila kuzigusa kwa penseli. Hajawahi kurudisha kadi ya mtu bila kuigusa kwa penseli. Labda penseli ilikuwa imekwisha.

Akaniuliza kama sichoki. Nikatikisa kichwa. Akasema yeye alilishika hilo neno wiki moja akiwa kijana, akalirudisha kabatini, na tangu hapo amekuwa akilipita kwa upande. Nikamsogezea plamu zake.

Keke ana mistari thelathini na nane na amevaa gauni jipya. Furahi, Keke. Kesho ni Jumanne.

Jumanne, 18 Juni 2019

Imekuja.

Saa saba na nusu mchana, wote wamelala juu ya meza kama kawaida, vichwa kwenye mito, Mkurugenzi kwenye kitanda chake cha kukunja. Mimi nimefumba jicho moja. Kisha ngazini: DUMMM! Ngoma! Na matoazi! Nilisema bila! Bwana Weng mwenyewe, mkewe, na mzee mmoja wa matoazi ambaye hata sikumlipia. Ofisi nzima ikaruka, mashavu yote yana alama za mikunjo ya mito. Mkurugenzi alidhani ni moto, akaokoa chupa ya chai.

Bwana Weng akaikunjua. Ilikuwa nzuri jamani. Jina langu kubwa kama chungwa. Akaisoma kwa sauti ya kuuza samaki. Kwa bahati njema hakunikonyeza. Alikonyeza mara moja tu.

Wakanigeukia wote. Niliona aibu, lakini aibu tamu, ya asali. Nikainamisha kichwa kama nilivyokuwa nimefanya mazoezi bafuni.

Ndipo Keke, anafikicha macho bado, akauliza kwa ule unyofu wake: "Yinzhu weh, mbona kamusi yenyewe haijatoka?"

Kwa kweli hilo sikulifikiria.

Mwalimu Shao alinitazama, akatazama boksi la "run", akanitazama tena. Watu waliowahi kuziona zile kadi wako humu chumbani wote, na anatujua kwa idadi. Akaweka plamu mdomoni.

Aliyeniokoa ni Mkurugenzi Tong. Kumbe Alhamisi wanakuja wakaguzi wa mkoa, na ofisi yetu haina cha kuonyesha. Akaishika bendera kwa mikono miwili, macho yamelowa. Akasema kama wasomaji wanatushukuru hata kabla hatujachapa, hiyo ndiyo kazi! Idara gani nyingine imeshukuriwa mapema hivi?

Nikapumua. Halafu akaongeza kwamba jina la kijana wa majaribio, peke yake, kwenye ukuta wa ofisi, halipendezi machoni pa watu. Akakata utepe wa karatasi ya dhahabu akaubandika juu ya jina langu. Sasa inasomeka: Kwa Wafanyakazi Wote wa Ofisi, Chini ya Uongozi wa Mkurugenzi Tong.

Picha ikapigwa. Kona ya kushoto ameshika Mkurugenzi. Ya kulia Keke, maana ni mrefu. Mimi ndiye niliyepiga picha.

Alhamisi, 20 Juni 2019

Wakaguzi walikuja wawili, viatu vimelowa. Mmoja alikuwa mkimya, nikampenda. Mkurugenzi akawasimamisha mbele ya bendera kabla hata hawajafunga miavuli.

Yule mkimya akaisoma yote taratibu. Akasema vizuri sana. Akaomba aione hiyo kamusi.

Mkurugenzi akacheka. Mkaguzi akangoja. Mkurugenzi akasema iko karibuni. Karibuni lini, akauliza, maana kwenye mpango wenu mmeandika mwakani, na hapa watu wanaitumia tayari. Mkurugenzi Tong, jasho linamtoka kama chupa ya chai iliyotoka kwenye friji, akasikika akisema: Oktoba hii! Tunafunga herufi zote mwezi ujao, tunachapa Septemba!

Mwalimu Shao alikaa chini. Hakuwa na kiti, alikaa kwenye rundo la magazeti.

Mkaguzi akaandika kwenye daftari. Akasema basi ikitoka Oktoba, ofisi inaendelea. Isipotoka, watu watagawanywa kwenye idara nyingine. Akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayekuagiza chumvi. Simpendi tena.

Walipoondoka pakawa na kelele. Kila mtu alimlaani huyo msomaji mwenye shukrani. Mpiga chapa akasema akimshika atamlisha hiyo mahameli, na vishada vyake. Nilikubaliana nao kwa kichwa. Mkurugenzi Tong akawa anazunguka bendera, akasema ajabu, nani huyo, nani huyo. Anasema tena na tena. Mtu anayeweza kuuliza hivyo baada ya kulifunika jina langu kwa mikono yake mwenyewe, huyo ndiye anayetuongoza.

Nimemaliza kadi ya 83 saa kumi na moja jioni. Hakuna aliyeona. Nimezifunga kwa ile kamba ya zamani, nimekaa nazo mapajani. Zote themanini na tatu, kila moja na Kichina chake. Kesho wanaamua. Ni mimi, sharti niwe mimi. Neno lililokula watu watatu!

Ijumaa, 21 Juni 2019

Mwalimu Shao ameniita kwenye korido, karibu na birika la maji ya moto. Safari hii hakungoja kadi juu ya kikombe chake. Alisema mwenyewe, taratibu, hata jirani asingesikia.

Kwanza, ule mkutano wa wiki iliyopita. Kelele zilipotulia, Keke alimaliza sentensi yake: kwamba neno la soksi ni la Yinzhu, si lake. Alilisema mbele ya wote. Mimi nilikuwa chooni. Jioni yake akachukua kadi ya 41 akahakikisha ina muhuri wangu.

Pili, tangu Jumatatu alikuwa ameshaamua kunibakisha mimi. Alisema watu wanaoongea wapo wengi, lakini mtu wa kukaa na neno moja mpaka likubali hajampata miaka thelathini.

Tatu, sasa haiwezekani. Herufi kumi na saba kwa siku arobaini. Anahitaji vidole vya kupiga chapa, na Keke anapiga kama mvua juu ya bati. Mtu wa kukaa na neno, hakuna tena neno litakalokaliwa. Na "run" yenyewe, kurasa zimekatwa. Neno refu lina mistari miwili tu.

"Kwa hiyo 'run' tunaandika maana moja," akasema. "Kukimbia. Basi."

Nikauliza. Nilisema kwa mdomo, kabisa, sauti yangu mwenyewe: na nyingine themanini na mbili?

Akasema zinarudi juu ya kabati.

Akanishika bega. Akasema, "Mwanangu, ungekaa kimya tu. Ndicho kitu unachokiweza kuliko wote hapa." Alikuwa hana hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

Keke alinikumbatia mlangoni akalia. Kaniletea keki za ufuta boksi zima. Nimefikiri sana kuhusu hili, na nimeelewa. Msichana akikurudishia neno lako hadharani wakati wewe haupo, anapata sifa mara mbili: ya neno, na ya wema. Ni mjanja kuliko nilivyodhani. Nilimdharau kidogo mno.

Jumatatu, 24 Juni 2019

Datang. Soksi. Za watoto, za kijivu, zenye dubu. Kushoto, kulia, kunja. Kushoto, kulia, kunja. Mama Mdogo Caixia anasema nina mkono mzuri. Wanawake wa meza yangu wanaimba siku nzima na wanajua habari za kila mtu. Wamenipa jina, wananiita Kamusi. Mama Mdogo kawaambia nilikuwa mhariri. Mmoja, mwenye jino la fedha, akaniuliza mbele ya wote, "Ehe, Kamusi, soksi yenye tundu mnaiitaje kwa Kizungu?" Nikamjibu, halafu wakataka na nyingine. Nimeongea leo kuliko muhula mzima wa mwisho. Wajinga hawa, lakini wanasikiliza.

Ila kichwa changu hakijalala. Ijumaa yote na Jumamosi yote nimewaza kosa lilikuwa wapi, na nimelipata. Kosa lilikuwa ngoma. Na mahameli, kitu cha kujionyesha. Ofisi yoyote inashtuka. Wakubwa wanaheshimu jambo moja tu: malalamiko. Barua ya kawaida, karatasi ya kawaida, ya mtu mwenye hasira na mwenye haki.

Nimeiandika wakati wa chakula, juu ya katoni ya soksi. Kwenda kwa wakaguzi wa mkoa. Mwandishi ni mzazi, jina nimelibuni, mwanamume, ana watoto wawili na bidii. Amelalamika kwa lugha safi kwamba ameinunua kamusi hiyo dukani jana, kwa nia njema, na mwanawe ameshindwa kazi ya nyumbani kwa sababu neno "run", ukurasa wa 612, lina maana moja tu. Moja! Anataka kujua zile nyingine themanini na mbili zimefichwa wapi na nani. Anapendekeza aitwe haraka mtaalamu wa neno hilo, ambaye anasikia yuko Datang.

Nimeisoma mara tatu kutafuta tundu. Hakuna. Ukurasa wa 612 hasa ndio unaoikamilisha, mtu akiona namba anaamini.

Nimeituma kwa rejista. Alhamisi wataipata.